Atwood na mkasi wa Maandiko

Riwaya nyingi kuhusu tawala za kutisha za kesho zinapotaka harufu ya Ukristo hukimbilia njia moja: atafutwe mtu wa kufa kwa ajili ya wenzake, anyooshwe mikono, basi. Margaret Atwood, katika The Handmaid's Tale (1985), alipita kwingine. Alama alizikuta tayari, yeye akazikata.

Tazama maduka ya Gileadi, utawala wa kidini wa riwaya hiyo. Wanawake wamekatazwa kusoma, hivyo majina yamefutwa, zimebaki picha. Duka la Maziwa na Asali ni mayai matatu, nyuki na ng'ombe. Duka la Mikate na Samaki ni samaki mwenye tabasamu na kope. Mikate haliuzi, na hufunguliwa kwa nadra. Aliyelelewa kanisani anaukumbuka umati ulioshiba na vikapu 12 vya makombo. Atwood hasemi neno. Kejeli aimalizie msomaji mwenyewe. (Danguro kuitwa kwa jina la Yezebeli, hapo alimtafunia mno.)

Ufundi wenyewe hasa uko kwenye Mwanzo 30. Raheli, kwa kukosa mtoto, anampa Yakobo mjakazi wake Bilha ili azae magotini pake, maana yake mtoto ahesabiwe wa Raheli. Gileadi haitaki mambo ya maana yake. Kamanda, bwana wa nyumba, anafungua sanduku lenye kufuli, anatoa Biblia, anawasomea watu wa nyumbani kisa hicho. Kisha chumbani mjakazi analazwa katikati ya miguu ya mke wa Kamanda, kichwa tumboni pake. Usemi umekuwa utaratibu wa kitandani.

Kufuli hilo ndilo linaloshikilia kila kitu. Kwenye kituo wanakofunzwa wajakazi, wakila chakula cha mchana, sauti ya kiume kwenye diski huwasomea zile Heri za Mlimani, na katikati imepachikwa heri ya walio kimya. Offred, mjakazi anayesimulia, anajua imebandikwa. Atahakiki wapi?

Wanaoiita riwaya hii vita dhidi ya Ukristo wanasahau kwamba Gileadi yenyewe inapigana na Wabaptisti na kuwanyonga makasisi. Tena hawajaisoma vizuri sura ya 30 (ndiyo, 30 tena), ambako Offred anaisali Sala ya Bwana kwa kichwa, ombi baada ya ombi, akibishana nayo. Akifika kwenye mkate wa kila siku anasema anao wa kutosha. Taabu ni kuumeza bila kupaliwa.