Kufundisha kuchora: kuiga ao kutafuta?

Mashuleni mwetu hapa Likasi saa ya kuchora inapita mara nyingi namna hii: mwalimu anachora ndege ao chungu ubaoni, watoto wanafuatisha. Anayefuatisha vizuri anapata alama nyingi. Amejifunza nini? Mkono umejifunza, jicho bado.

Katika Katanga yetu namna ingine imekwisha kujaribiwa. Mwaka wa 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua atelie huko Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Aliwakataza wanafunzi wasiige kazi za Wazungu, akawaambia watazame pori, mto, na ukumbusho wao wenyewe. Matunda yanaonekana. Pilipili Mulongoy alichora samaki na ndege kati ya alama ndogo ndogo. Bela alipiga rangi kwa vidole. Mwenze Kibwanga alipanga mistari mifupi mifupi. Mwalimu alikuwa mmoja, lakini hakuna anayechanganya kazi ya huyu na ya yule. Sheria za mpango mzuri, yaani kurudilia alama, kupatanisha kuume na kushoto, kutofautisha rangi, walizipata kwa kazi, si kwa kuzikariri.

Lakini tusisifu bila kupima. Kukataza kuiga ni amri pia. Yule mwalimu alitaka kulinda roho ya Kiafrika, kumbe ni yeye aliyeamua ikae wapi: kwa wanyama na majani. Na migodi je? Na reli? Na msalaba? Mtu wa Likasi anazaliwa kati ya hivyo vyote. Romain-Desfossés alipokufa mwaka wa 1954, Pilipili na Mwenze waliendelea katika Akademia iliyoanzishwa na Laurent Moonens mwaka wa 1951, wala hawakupoteza mkono wao. Basi shule yenye utaratibu haiui kipaji, ikiwa inakiheshimu.

Sisi tunaona njia iko katikati: kumpa mwanafunzi kazi yenye sababu. Wazee wa Katanga waliyeyusha shaba, wakaitengeneza misalaba iliyotumika kama feza. Mwalimu awaambie watoto wapambe ukingo wa kitambaa cha altare kwa umbo lile, kwa rangi mbili tu: kijani cha malakiti na wekundu wa shaba. Mtoto ataona mwenyewe kwamba misalaba ikisongamana, hakuna unaoonekana. Ikitawanyika, kitambaa kinakosa umoja. Kisha aeleze mbele ya wenzake kwa nini aliweka huu hapa, na ule pale.

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya Liturjia, ulisema Kanisa halikuchagua mtindo mmoja wa sanaa kuwa wake. Uliagiza pia wanaojitayarisha kwa upadri wafundishwe sanaa takatifu. Neno hili ni letu, ndugu waseminari. Padri asiyejua kupima sanamu atanunua ile inayong'aa, na fundi wa parokia yake atabaki bila kazi.