Mwanzi wa Vipande Vinne

Basi la kutoka Nyabugogo kwenda Nairobi halina mahali pa kuweka fimbo ya mita mbili. Buti limeshajaa magunia na masanduku, sehemu ya mizigo juu ya viti haipokei kitu kirefu, na ukiisimamisha kati ya magoti konda atakwambia, tena kwa haki, kwamba utamtoboa mtu jicho kabla hatujafika mpakani Gatuna. Ndiyo maana wale wachache wa Kigali niliowafahamu, wenye wazimu wa kwenda kumtafuta samaki aitwaye bass katika ziwa Naivasha, hawakuwa wakianza kuulizana ubora wa fimbo wala bei yake. Waliulizana: inafunguka vipande vingapi?

Hapa nyumbani tunaridhika na Muhazi. Ziwa lenyewe li karibu, tilapia wake huvuliwa na mtoto mwenye ufito wowote, na jioni umesharudi mjini. Bass ni habari nyingine. Aliletwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya starehe ya walowezi, maji yakamkubali, na kamba wekundu wa Louisiana walipotiwa ziwani humo mwaka 1970 akapata na kitoweo cha kumnenepesha. Hukaa kivulini pembezoni mwa mafunjo, akavizia. Akishanasa hakimbilii kilindini. Hugeuka papo hapo ajitumbukize kwenye mashina ya mafunjo, na akifika huko umemkosa, mshipi na ndoana pia. Kwa samaki huyu unahitaji fimbo yenye ncha nyepesi ya kurusha chambo kidogo na kitako kigumu cha kumkatalia njia. Ukishaipata hiyo, uifungue, uifunge, uitie begini, upande nayo basi hadi Kampala, uvuke mpaka, upite Nakuru, ushuke Naivasha ikiwa nzima. Na bado iwe ya bei ya mtu wa mshahara.

Fimbo ya namna hiyo ilikuwa ikipatikana Biryogo. Ni kabla mtaa haujafungiwa magari na lami yake kupakwa rangi, siku ambazo ungeweza kukaa barazani pale ukapigiwa honi mpaka kichwa kiume. Aliyezitengeneza alikuwa fundi miavuli. Tulimwita Mzee, basi, na sidhani kama nusu ya wateja wake walilijua jina lake. Masika yote na vuli yote alikuwa amezungukwa na miavuli ya watu, iliyovunjika mbavu, iliyochanika, iliyogoma kufunguka. Kiangazi kikiingia, kuanzia Juni hadi Agosti, miavuli hukoma kuletwa, na mianzi ya fimbo nayo huwa imepungukiwa maji. Kazi moja ilipolala ya pili iliamka. Sijui kama alipanga hivyo au majira yalimpangia, lakini ratiba yenyewe ilikaa vizuri mno.

Niliwahi kufuatana naye kwenda kukata mianzi. Kichaka kilikuwa cha rafiki yake, kwenye mteremko mkavu wenye upepo. Ile minene ya bondeni, iliyolewa maji, hakuitazama mara mbili. Mimi niliona mianzi. Yeye aliona umri. Huu wa mwaka jana, akasema, bado una unga mweupe chini ya fundo. Huu umekomaa, unga umeutoka na ngozi imeanza kuota madoa. Ule umezeeka, usiuguse, utakatika bila kuaga. Kisha akaugonga uliokomaa kwa kifundo cha kidole na kuinamisha sikio, akaugonga mchanga, akaurudia wa kwanza, bila kusema kitu, mpaka nami nikaanza kusikia tofauti: mmoja ulitoa sauti butu, mwingine ulilia. Alitaka pingili fupi fupi kuelekea shinani, kwa sababu ndizo zinazotoa ule ugumu wa kitako, na zirefuke polepole kuelekea juu. Katika kichaka kizima alichagua mianzi ambayo niliibeba peke yangu kwa bega moja. Nilimuuliza kwa nini tusikate na mingine ya akiba. Akasema, “Mwanangu, hii mingine bado haijawa kitu.”

Nyumbani aliining'iniza darini, ncha chini, jiwe limefungwa mwishoni, ikae hivyo majuma kadhaa. Ikishakauka aliipitisha juu ya makaa, akiizungusha, hadi ngozi itoke jasho la mafuta na kuanza kung'aa; hapo ndipo aliponyoosha kila kombo kwa goti na kitambaa kibichi. Kazi hii haikutaka maneno. Ukimsalimia “Shikamoo Mzee” wakati mwanzi uko motoni, marahaba utaipata mwanzi ukishapoa.

Lakini kilichofanya watu watoke hadi Remera na Kimironko kumfuata ni viungo. Kukata mwanzi vipande vinne anaweza yeyote mwenye msumeno. Kuvirudisha viwe kitu kimoja, ili mkunjo upite toka ncha hadi kitako bila kukwama mahali, hilo ndilo jambo. Kila kiungo kinahitaji makoa mawili ya chuma, moja lililovikwa kipande cha juu na jingine la chini, lile liingie ndani ya hili bila kucheza na bila kung'ang'ania. Huko kwenye viwanda makoa hayo ni kazi ya mashine na gharama yake hupanda hadi kwenye fimbo. Mzee alikuwa nayo bure. Mwavuli wa kukunja, tazama vizuri, shina lake ni mabomba, jembamba ndani ya nene, yaliyopimwa yaingiane. Na mwavuli uliomshinda kutengeneza mwenyewe alimwachia. Alikata bomba kwa urefu wa kidole gumba, akalisugua kingo, akalipasha moto kidogo, akalivika mwanzi kwa gundi, akalifunga uzi wa nailoni ulioshikana nyuzi kwa nyuzi hata ukucha usipate pa kupenya, kisha vanishi. Mbavu za mwavuli huohuo zilikunjwa kuwa vipete vya kupitishia mshipi. Kiungo alikipaka nta ya mshumaa. Jaribio lake la mwisho lilikuwa la sikio tena: kukichomoa lazima kitoe mlio, po, kama chupa inayozibuliwa. Kisipolia, alikibomoa akaanza upya.

Na hakukuuzia kwa kukukabidhi. Kwanza alikupima mkono, toka kiwiko hadi kifundo, ndipo akaamua mshiko uwe na urefu gani. Halafu alikuagiza uunganishe mwenyewe, ukae ukitazama vipete vyote vimelingana mstari mmoja, uisukume ncha ukutani taratibu ukifuatilia mkunjo kwa macho. Ukivunjika kona kwenye kiungo chochote ulikuwa na haki ya kuikataa. Mfuko wa kitenge, wa kushonwa kwa cherehani ya jirani, ulikuja na fimbo. Jumla yake haikufika nusu ya kilichoombwa na duka la mjini kwa fimbo ya kigeni.

Si kwamba tulikuwa na siri ambayo dunia haikuijua. Mafundi wa Marekani na Uingereza katika karne ya 19 waliupasua mwanzi, ambao baadaye ukawa ule wa Tonkin kutoka kusini mwa China, wakagandisha fito sita nyembamba kuwa fimbo moja yenye pembe sita, na zinazotengenezwa hivyo hadi leo zinauzwa kwa pesa ambayo hapa ungeanza kupigia hesabu pikipiki. Mwaka 1950, vita vya Korea vilipopamba moto, Marekani ikafunga biashara na China na mwanzi ukaadimika. Nyuzi za kioo zikashika nafasi, na miaka ya sabini ikaja kaboni. Siichukii kaboni. Fimbo nzuri ya kaboni ya vipande vinne ni nyepesi kuliko chochote alichowahi kutengeneza Mzee, na mwenye uwezo aichukue. Ninayemsikitikia ni yule asiye nao, kwa sababu kilichobaki kwa bei yake si fimbo nzuri iliyopunguzwa mapambo, ni picha ya fimbo.

Mpwa wangu anayo hiyo. Ni ile ya kuchomoana kama mkonga wa redio, inayoingia hata kwenye mkoba wa kompyuta, na kwa kubebeka haina mpinzani. Ilivunjika Muhazi, kwa tilapia ambaye tulimla wawili tukabaki na njaa. Ameshaagiza nyingine kwa simu. Nikamuuliza kama aliipinda kwanza. “Mjomba,” akanijibu kwa upole wa kumjibu mgonjwa, “simu haipindiki.” Kweli haipindiki. Anachagua kwa picha na nyota, na wala si kosa lake, maana hakuna tena baraza ambapo mtu angemlazimisha kuisukuma ukutani.

Cha ajabu ni kwamba mianzi imeongezeka. Sheria ya mazingira ya mwaka 2005 ilitaka kilimo kikae mita 10 kutoka kingo za mto na mita 50 kutoka ziwani, na katika kuzishika kingo hizo mianzi imepandwa kwa wingi, ukiwamo ukingo wa mto Nyabarongo. Ni jambo jema na nalisifu. Mto unabeba udongo wetu mwingi mno. Lakini napita nikiitazama na kujiuliza ni wangapi kati yetu tunaopita wanaoweza kusema huu ni wa mwaka jana na ule umekomaa. Kwa upande wa ziwa Kivu jicho hilo bado liko hai. Wavuvi wa isambaza, samaki aliyeletwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959, bado hufunga mitumbwi mitatu pamoja na kuitokezesha miti mirefu ya mikaratusi mbele na nyuma ya kushikilia wavu, na hakuna anayekata mti wowote ovyo ovyo, kwa sababu ukivunjika usiku hakuna chakula asubuhi. Ujuzi wa kuchagua hauishi kwa kusifiwa na watu kama mimi. Unaishi pale mtu anapolala njaa akichagua vibaya, na bass wa Naivasha hajawahi kumlaza njaa mtu wa Kigali.

Mzee amefariki. Mwanawe yuko palepale na anauza miavuli, mipya, hatengenezi. Anasema kutengeneza kunagharimu kuliko kununua, na nilipopiga hesabu niliona yuko sawa. Nilimwomba aniwekee ile inayorudishwa na wateja imeharibika, nijaribu makoa mwenyewe kabla kiangazi hakijaisha, na akaniletea gunia zima. Nilishinda barazani nikiyapima mabomba. Bati lake ni jembamba, mshono uko wazi upande mmoja, na jembamba linacheza ndani ya nene hata ukilipaka nta. Lile moja lililoelekea kukubali nililibana kidogo kwa koleo, likafumuka. Mwanawe hakushangaa. Hata kama mwavuli, alisema, halimalizi masika.