Ukuta, Bati na Matatu: Kibera na Kawangware katika Historia ya Sanaa

Historia ya sanaa imezoea kusimuliwa kama ngazi. Katika The Story of Art, kitabu cha E. H. Gombrich kilichotoka mwaka 1950, msomaji hupokelewa na michoro ya mapangoni, kisha hupandishwa Misri, Ugiriki, Ulaya ya Mwamko na hatimaye usasa. La ajabu ni kwamba katika mlango huo huo wa pango kimewekwa kichwa cha Ife, kazi ya mafundi walioishi maelfu ya miaka baada ya wachoraji wa Lascaux. Mpangilio huu haufuati wakati, unafuata hukumu. Athari yake ilifika Nairobi. Katika mjadala wa miaka ya 1990 kuhusu wachoraji wasiosomea chuoni, ambao Gallery Watatu ilikuwa ikiwauza, swali lililorudiwa ni iwapo kazi zao zilikuwa sanaa kamili au utoto wa sanaa.

Mhakiki anayeingia Kibera na swali hilo hatapata jibu, kwa kuwa swali lenyewe halifai. Mwaka 2001 Otieno Gomba na Otieno Kota, wachoraji wa vibao vya biashara, walianzisha kundi la Maasai Mbili. Jina hilo lilitokana na desturi yao ya kuvaa Kimaasai wanapochora, ilhali si Wamaasai. Mwanasarufi atalalamika kwamba upatanisho wa ngeli umevunjwa, maana ilipasa kuwa Wamaasai wawili. Ndivyo isemwavyo Nairobi, na jina lingesanifishwa lingepoteza nusu ya mzaha wake. Muhimu zaidi ni asili ya kazi yao. Kibao cha kinyozi au cha duka la mboga ni picha na matini kwa pamoja: kina mteja, kina bei, na husomwa na mpita njia kwa kimo cha macho yake. Umbuji wake hauwezi kutenganishwa na kazi kinayoifanya.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mchoraji Solo 7, Solomon Muyundo, alizunguka Kibera akiandika wito wa amani kwenye kuta na vibanda. Mojawapo ya kauli zake, iliyoandikwa kwa Kiingereza, iligeuza lugha ya matangazo ya kusaka wahalifu: badala ya mtu kutakiwa akiwa hai au maiti, amani ndiyo inatakiwa, na inatakiwa ikiwa hai. Kinaya hiki kingestahili kurasa kadhaa za uhakiki kama kingechapishwa kitabuni. Kwa sababu kiliandikwa ukutani, kimeachiwa wapiga picha wa habari.

Mapema mwaka 2009 msanii Mfaransa JR alitandaza picha za macho na nyuso za wanawake juu ya mapaa ya Kibera, eneo la takriban mita mraba 2,000. Nyingine zilibandikwa kwenye mabehewa, nusu ya chini ya nyuso ikiwekwa kwenye mabati ya mteremko wa reli, hivi kwamba garimoshi lilipopita uso ulikamilika kwa nukta chache. Ni ubunifu wa hali ya juu. Hata hivyo macho yale ya mapaani yalitazama angani, na msomaji wake mkuu ni kamera. Mkazi wa kichochoroni hayaoni. Alichokipata mkazi ni paa lisilovuja, kwa kuwa picha zilichapwa kwenye turubai la plastiki lisilopitisha maji. Pengine hicho ndicho kipengele cha kazi hiyo kilicho karibu zaidi na mila ya Kibera.

Kawangware inahitaji mkabala mwingine. Turubai lake mashuhuri huondoka kila asubuhi: matatu za njia ya 46. Kanuni za mwaka 2004, zilizohusishwa na waziri John Michuki, zilidai mstari wa manjano ubavuni na kuyafifisha madoido. Mwishoni mwa mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliutetea hadharani uchoraji huo, nao ukastawi tena. Matatu inapouzwa au mtindo unapochakaa, fundi huikwangua na kuipaka upya.

Hapa ndipo pango linaporudi, lakini si kama mwanzo wa ngazi. Huko Kakapel, magharibi mwa Kenya, mwamba uliotangazwa kuwa mnara wa taifa mwaka 2004 umebeba tabaka za michoro zilizowekwa moja juu ya nyingine na watu wa nyakati tofauti: maumbo ya wawindaji, ng'ombe wa wafugaji, kisha alama za karibuni zaidi. Aliyekuja baadaye hakufuta. Alichora juu, na ndiyo maana watafiti wanaweza kusoma mfuatano wake. Gereji haiachi tabaka. Mchoro wa matatu ya mwaka 2003 uliokuwa ukisomwa na maelfu kila siku umekwisha kukwanguliwa hadi kwenye bati, na historia yake imebaki katika albamu za utingo na kumbukumbu za abiria wanaozeeka.