Propela Ndogo ya Babu: Ukingo Mnene Uko Wapi?

Propela ndogo za mbao hurithiwa pamoja na hadithi zake, nazo hufanana mno: babu alikuwa rubani Ufaransa mwaka 1917, ndege ikaanguka, akachonga propela ndogo kutokana na mabaki. Yawezekana. Mafundi wa vikosi vya anga vya Uingereza walichonga kweli fremu za picha, vishikio vya saa na propela ndogo kwa mbao za propela zilizovunjika. Mimi hata hivyo huomba hadithi ingoje nje kwanza, mbao ikaguliwe peke yake.

Panga moja la propela latosha kuanzia. Lina upande wa bapa na upande uliobinuka, yaani mgongo. Lina pia kingo mbili, mmoja mnene wa mviringo unaotangulia kukata hewa, wa pili mwembamba. Ilaze propela mezani, migongo ikitazama juu. Ukingo mnene ukiwa ndio ulioinuka, hiyo ni propela ya injini ya ndege, au mfano wake. Ukiwa ndio ulioinamia mezani, basi umeshika kitu kingine kabisa: propela inayozungushwa na upepo. Ya injini huusukuma upepo nyuma, kwa hiyo mgongo wake hutazama mbele. Inayozungushwa na upepo hupokea msukumo wa upepo kwa bapa, na mgongo hugeukia nyuma, ingawa kwa zote mbili ukingo mnene ndio unaotangulia.

Hapo ndipo familia nyingi hushangaa, maana walichokiita mfano ni kifaa kamili cha ndege. Sopwith Camel ilikuwa na pampu ya Rotherham iliyofungwa nje kwenye nguzo ya bawa. Kipropela chake kilizungushwa na upepo wa mwendo, pampu ikajaza hewa kwenye tangi ili petroli ifike kwenye injini. Nyingine kubwa zaidi zilizungusha jenereta za redio kwenye ndege za upelelezi.

Sasa geukia kitovu. Tundu moja dogo, mbao ya kipande kimoja na maandishi kama 10x6 ni dalili ya ndege ya kuchezea yenye injini: kipenyo cha inchi 10, na hatua ya inchi 6, yaani umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapenya kitu kigumu. Propela kubwa za Uingereza zilipigwa muhuri wa namba ya mchoro, jina la injini, kisha D na P, kipenyo na hatua kwa milimita. Ukikuta D 2740 juu ya kitu cha sentimita 40, usikimbilie kusema ni bandia. Tazama kama herufi zimekatwa ukingoni. Muhuri uliokatwa nusu huonyesha kwamba kipande kilitoka kwenye propela kubwa, na hapo hadithi ya babu inapata nguvu.

Tabaka za mbao nazo husema mengi. Mbao zilizogandishwa kwa gundi kisha zikachongwa huacha mistari iliyopinda, kama ile ya mwinuko kwenye ramani, na kila mstari lazima utokee upande wa pili mahali panapolingana nao. Mistari iliyochorwa kwa rangi huishia ukingoni. Kibati chenye mwaka 1916 kilichofungwa kwa skrubu ya nyota pia kinatia shaka, kwani skrubu hizo zilianza kuuzwa miaka ya 1930. Ila skrubu hubadilishwa, kwa hiyo peke yake haihukumu.

Kundi gumu ni mifano ya maabara. William Durand wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika ripoti ya mwaka 1917, alipima kwenye njia ya upepo propela za mbao zenye kipenyo cha sentimita 91 hivi. Mfano wa namna hiyo umechongwa kwa usahihi wa hali ya juu lakini hauna vumbi la uwanja wa ndege wala mikwaruzo ya mawe. Kazi ya mwanafunzi wa useremala inaweza kufanana nao, na hapo karatasi za familia ndizo huamua.

Msasa na vanishi mpya viwekwe mbali hadi kazi iishe. Mihuri ilipigwa kwa kina kidogo tu, na iliyofifia huonekana tochi ikilazwa ubavuni mwa kitovu chumba kikiwa giza.