Takrima, Harambee na Mkono Mtupu: Uhakiki wa Msamiati wa Fedha katika Uchaguzi

Utangulizi

Hakuna mgombea aliyewahi kupanda jukwaani akatangaza kwamba amekuja kutoa hongo. Husema amekuja kuwasalimu wazee, kuwapa kina mama leso, kuwanunulia vijana soda, au kuunga mkono ujenzi wa kanisa, msikiti na shule. Hongo ni neno la mashtaka, nalo huachiwa wapinzani wake. Mtoaji mwenyewe huhitaji neno jingine lenye adabu, ambalo yeye na mpokeaji wanaweza kulitamka mchana kweupe bila ya kuinamisha macho. Katika Afrika Mashariki maneno ya namna hiyo yametolewa na Kiswahili. Kwa hiyo suala la fedha katika uchaguzi, ambalo aghalabu huachiwa wanasheria na wachumi, ni suala la wataalamu wa lugha pia.

Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno mawili, takrima katika siasa za Tanzania na harambee katika siasa za Kenya. Hoja yenyewe ni kwamba maneno haya hufanya kazi yake kwa kugeuza nafasi ya mgeni na nafasi ya mwenyeji: humfanya mwananchi kuwa mgeni katika nchi yake, akalishwa kwa hisani kile ambacho alistahili kukidai kwa haki. Inadaiwa vilevile kwamba mahubiri kuhusu kuporomoka kwa maadili ya taifa, yasipotazama namna nafasi za kiuchumi zilivyogawanywa, hayawezi kuyavua maneno hayo vazi lao la adabu.

Takrima: nani mgeni, nani mwenyeji?

Takrima ni ndugu wa karamu, ukarimu na kitenzi kukirimu. Yote yametokana na shina moja la Kiarabu lenye kubeba maana ya heshima na utoaji. Katika matumizi ya Waswahili, anayekirimu ni mwenyeji na anayekirimiwa ni mgeni. Na ukarimu huo una mipaka yake, kama inavyothibitishwa na methali isemayo: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hata ile nyingine, Mgeni njoo mwenyeji apone, ambayo wapambe wa wagombea wangependa kuitegemea, haisemi kwamba mgeni aje na mfuko wa fedha. Kwa ufafanuzi uliozoeleka, mwenyeji hupona kwa kuwa kuku aliyechinjwa kwa ajili ya mgeni huliwa na nyumba nzima. Kuku ni wa mwenyeji, kisu ni cha mwenyeji, na shukrani ni ya mgeni.

Sasa na atazamwe mgombea. Anafika katika kijiji ambacho amekihama kwa miaka kadhaa, anawakuta wenyeji wameketi chini ya mwembe, na yeye ndiye anayepakua. Mgeni amekuwa mwenyeji, na wenyeji wamekuwa wageni katika uwanja wao wenyewe. Mageuzi hayo ya nafasi ndiyo kiini cha jambo. Mtu anayekaribishwa kwake mwenyewe amekwisha kunyang'anywa umwenyeji wake, na mgeni mwenye adabu hakagui chungu wala haulizi pilau imetoka wapi. Uwajibikaji, ambao kwa asili ni haki ya mwenye nyumba kumwuliza mtumishi wake hesabu, unakuwa utovu wa shukrani.

Neno hili halikuingia katika siasa kwa bahati. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi wa Tanzania kuwa na hisa katika makampuni, kuwa na mishahara miwili na kupangisha nyumba. Miiko hiyo ililegezwa na uamuzi wa Zanzibar wa mwaka 1991, na mwaka uliofuata mfumo wa vyama vingi ukarudishwa. Katika uchaguzi wa mwaka 1995 Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amestaafu, alitumia hadhi yake yote kuwaonya watu juu ya wale waliotaka kuingia Ikulu kwa njia ya fedha. Onyo hilo halikuzuia yaliyofuata. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985 ilirekebishwa, ikaeleza kwamba jambo lililotendwa kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa kimila, lisihesabiwe kuwa ni kosa. Umma ukayaita marekebisho hayo kwa jina fupi: takrima.

Inafaa kuangalia kwa makini mahali ambapo mila iliitwa ije kutoa ushahidi. Kwa takriban miongo minne tangu uhuru uchaguzi uliendeshwa bila ya kinga hiyo. Mila ilikumbukwa baada ya miiko kulegezwa na baada ya kuzuka watu wenye fedha za kutosha za kuwakirimu wapiga kura wa jimbo zima. Mtetezi wa takrima atasema kwamba Mwafrika hapokei wageni mikono mitupu, na hilo ni kweli. Lakini zawadi ya kimila huenda na kurudi baina ya nyumba na nyumba, msimu hadi msimu, katika arusi na katika msiba. Haiji mara moja kila baada ya miaka mitano na kutoweka matokeo yanapotangazwa. Mila haifuati kalenda ya tume ya uchaguzi.

Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania, katika kesi iliyofunguliwa na mashirika matatu ya kutetea haki na mazingira, iliamua kwamba vifungu hivyo vilikwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa viliwabagua wagombea wasio na uwezo wa kifedha na kufungua mlango wa rushwa. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kisheria, basi, takrima ilikwisha. Kilugha, haikufa. Sheria inaweza kufuta kifungu, lakini haina uwezo wa kufuta maana iliyokwisha kukaa katika vinywa vya watu.

Harambee: kutoka wito hadi hafla

Kwa upande wa Kenya, harambee ilianza kwa namna iliyo tofauti kabisa. Ulikuwa wito wa wavuta mizigo, wa kuunganisha nguvu za watu wengi katika tendo moja. Jomo Kenyatta aliutwaa mwaka 1963 ukawa kauli ya taifa, nao umeandikwa katika nembo ya nchi. Kisarufi wito huu hauna mtenda wala mtendwa: hausemi nani avute na nani avutiwe. Wote ni wavutaji, na kitu kinachovutwa ni chao. Katika miaka ya 1960 na 1970 wananchi walijenga shule nyingi kwa nguvu hizo, na shule hizo zikaitwa kwa jina hilo hilo.

Baadaye neno likabadilika likawa jina la hafla. Kulikuwa na harambee Jumamosi, kulikuwa na kadi ya mwaliko, na juu ya yote kulikuwa na mgeni wa heshima. Hapa ndipo harambee ilipokutana na takrima, ingawa kila moja ilipita njia yake. Katika desturi, heshima ya mgeni hutoka kwa mwenyeji. Katika hafla hii heshima ya mgeni hupimwa kwa kiasi kinachotangazwa kwenye kipaza sauti, na aliyetoa shilingi kumi zake kwa jasho hutajwa mwishoni, akitajwa. Kanuni ya kutangaza nayo ina usemi wake maalumu: mimi na marafiki zangu. Usemi huu unastahili kuchambuliwa kuliko ulivyowahi kuchambuliwa. "Mimi" yuko mbele ya macho ya watu. "Marafiki" hawana majina, wala haijulikani wanatarajia kulipwa nini, kwa zabuni gani na lini. Kiunganishi "na" kimebeba mzigo wote ambao sheria za ugharimiaji wa kampeni zimeshindwa kuubeba. Kenya ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2013, lakini viwango vya matumizi vilivyotangazwa na tume ya uchaguzi mwaka 2021 vilikataliwa na Bunge.

Mwaka 1992 msamiati huu ulipiga hatua nyingine. Katika kampeni za uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya 1960, noti ya shilingi 500 ilipewa jina la Jirongo, kwa kuwa Cyrus Jirongo ndiye aliyeliongoza kundi la vijana wa KANU lililosifika kwa kumwaga fedha. Wananchi hawakukosea kuita hivyo. Noti hubeba ahadi ya dola kwa raia wake wote; ikiitwa kwa jina la mtoaji, ahadi hiyo imekuwa hisani ya mtu mmoja. Wala hisani yenyewe haikudumu. Kupanuka kwa fedha katika mzunguko, pamoja na kashfa ya Goldenberg, kulichangia mfumuko wa bei wa mwaka 1993, ambao ulikuwa miongoni mwa mikali kabisa tangu uhuru. Aliyeipokea noti mwishoni mwa 1992 aliirudisha mwaka uliofuata, kidogo kidogo, dukani, kwa bei ya unga na sukari. Karamu ililipiwa na walioalikwa.

Kuporomoka kwa taifa na lawama za maadili

Mjadala juu ya mambo haya umekuwa na sauti moja inayosikika zaidi kuliko nyingine: kwamba taifa limeporomoka, kwamba wananchi wameuza haki yao ya kuzaliwa kwa pakiti ya unga. Sauti hii husikika katika mimbari, katika tahariri na katika kumbi za vyuo vikuu. Ina ukweli ndani yake, lakini ni ukweli nusu. Humtazama anayepokea, kwa kuwa yuko karibu na ni rahisi kumwonya. Humsahau aliyepanga uchumi hata pakiti ya unga ikawa na thamani ya kura.

Msema methali alikwisha kuliona jambo hili: Mkono mtupu haulambwi. Methali hii hufundishwa shuleni kana kwamba ni sifa mbaya ya mlambaji. Kwa hakika ni maelezo ya hali ya ubadilishanaji mahali ambapo haki haipatikani bila ya kitu. Mpiga kura ambaye hospitali ya serikali haikumpa dawa, ambaye mwanawe amemaliza chuo asipate kazi, na ambaye hatamwona mbunge wake tena kwa miaka mitano, amepiga hesabu na hesabu yake si ya kijinga: kile kinachotolewa leo ndicho pato pekee la uraia wake alilo na yakini nalo. Kumwita msaliti ni kumtoza adhabu ya kosa ambalo wengine wamefaidika nalo.

Ndiyo maana kampeni za Kenya za mwaka 2022 zilikuwa na uzito wa pekee kilugha. Mgombea aliyeshinda alilitwaa neno hasla, la mtaani, akalipa heshima, na chama chake kikachagua wilbaro kuwa alama yake. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi swali la nafasi za kiuchumi lilitangulia swali la kabila katika hotuba nyingi. Lakini lazima neno lenyewe lihakikiwe. Hasla ni mtu anayehangaika peke yake. Harambee ya awali ilisema tuvute pamoja; hasla asukuma wilbaro yake mwenyewe, na akianguka ameanguka kwa uzembe wake. Hazina iliyozinduliwa Novemba 2022 ilianza kutoa mikopo ya kuanzia shilingi 500. Kiasi ni kile kile cha noti ya 1992, tofauti ikiwa kwamba safari hii mpokeaji alitakiwa kukirejesha pamoja na riba.

Ujasiri wa kukataa

Fasihi ilikwisha kulitolea jambo hili picha iliyo wazi. Katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, iliyochapishwa mwaka 2016, soko la Chapakazi limefungwa na mtawala Majoka, na wachonga vinyago wanaletewa keki ya uhuru na Kenga, mshauri wa mtawala huyo. Sudi anaikataa, kwake yeye hayo ni makombo. Kukataa huko kuna nguvu kwa sababu Sudi hakatai kwa kushiba. Anakataa akiwa na shida nyumbani, na mwandishi haifichi shida hiyo. Sudi amerudisha tofauti baina ya kulishwa na kupata chako: soko ni haki yake, keki ni hisani ya aliyelifunga.

Mambo yaliyotokea Kenya mwaka 2024 yanasomeka vizuri kando ya onyesho hilo. Baada ya maandamano ya vijana ya mwezi wa Juni dhidi ya Mswada wa Fedha, Rais William Ruto alitangaza mwezi wa Julai kwamba maofisa wa serikali wasishiriki katika harambee. Michango makanisani haikukoma. Mwezi wa Novemba Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliukataa mchango wa Rais mwenyewe kwa mojawapo ya parokia zake. Mwenyeji alimwambia mgeni wa heshima kwamba anaweza kuja, lakini bahasha aondoke nayo.

Hitimisho

Wajibu wa mtaalamu wa lugha katika suala hili si wa kutazama tu. Kamusi inayolieleza neno takrima kwa maana ya ukarimu pekee, bila ya kuonyesha maana iliyolipata baada ya mwaka 2000, imemfanyia mgombea kazi yake bila malipo. Mwalimu anayefundisha Penye udhia penyeza rupia kuwa hekima ya wahenga, bila ya kuuliza udhia huo umewekwa na nani, amefanya vivyo hivyo. Yapasa maana za siasa ziingizwe katika kamusi pamoja na historia yake, na methali zifundishwe pamoja na mazingira yaliyozizaa.

Hilo halitaondoa fedha katika uchaguzi. Fedha itaondoka siku ambayo hospitali itakuwa na dawa na soko litakuwa wazi, hata pakiti ya unga isiwe na thamani ya kura. Lakini hadi siku hiyo, ni muhimu anayepokea ajue kwamba nyumba ni yake na kwamba aliyekuja na sufuria ndiye mgeni. Na siku ya tatu ya mgeni inajulikana.