Petroli Inaangukia Wapi?

Ingia gereji yoyote inayoandaa magari ya rali kati ya Jinja na Mbale, na kitu cha kwanza utakachotajiwa ni ukubwa wa nozeli. "Hizi ni 850, mzee." Maana yake mililita 850 za petroli kwa dakika, na fundi anangoja ushangae. Usishangae mapema. Ukubwa hununuliwa dukani. Nozeli imekaa wapi na inatazama upande gani, hiyo ndiyo kazi ya mikono yake. Muulize swali moja tu: petroli inaangukia wapi? Akibabaika, maliza chai aliyokukaribisha, mshukuru, uende zako.

Kwenye injini ya mashindano nozeli huwa na makao mawili. La kwanza liko karibu na valvu ya kuingizia, petroli ikitemwa mgongoni mwa valvu yenye moto. Ikigusa chuma hicho hugeuka mvuke, na ukikanyaga akseleta injini huitika hapo hapo. La pili liko juu zaidi, mdomoni mwa bomba la hewa au hata nje kidogo ya mdomo huo. Huko petroli ina safari ndefu. Hugeuka mvuke njiani, na kwa kuwa kugeuka mvuke kunakula joto, hewa inapoa na kushikamana, silinda ikapokea hewa nyingi zaidi. Ndiyo maana injini za Formula 1 zisizo na tabo zilimiminiwa petroli kutoka juu, na pikipiki ya Honda CBR600RR ya mwaka 2003 ikatoka na nozeli mbili kwa kila silinda: ya chini inafanya kazi wakati wote, ya juu inajiunga mizunguko ikipanda.

Kasoro ya kukaa juu ni kwamba petroli hulowesha kuta za bomba kabla ya kufika. Ukikanyaga ghafla, ukuta unachukua haki yake kwanza na silinda inabaki na njaa, injini inakohoa. Ukiachia, ukuta unaendelea kutoa petroli ambayo hakuna aliyeiomba. Kwenye uwanja wa lami wa Ulaya, ambako dereva yuko juu ya mizunguko 9,000 karibu muda wote, hilo halina neno. Kwetu lina neno.

Chukua Kakira, jirani na Jinja. Barabara za mashamba ya miwa zinamruhusu dereva kukanyaga mguu wote kwa muda, vumbi jekundu likipanda nyuma yake. Hapo karibu kila injini inaonekana nzuri. Halafu nenda Mbale. Juu ya mji umesimama ukuta wa Wanale, mkono wa Mlima Elgon, na kuupanda ni kona juu ya kona: achia, breki, geuza, kanyaga nusu, kanyaga yote, achia tena. Kila kona ni mtihani wa pale petroli inapoangukia. Tena hewa inazidi kuwa nyepesi. Jinja yenyewe, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, ina mgandamizo wa hewa uliopungua kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Mombasa. Ukifika mita 2,000, upungufu ni kama moja ya tano. Mpangilio wa kompyuta uliotoka Dubai ukaletwa hivyo hivyo mpaka Mbale hauaminiki hata kidogo.

Magari mengi tunayoyazungumzia ni Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution, injini za lita 2 zenye tabo. Hukumu yangu ni kwamba hizi zibaki na nozeli karibu na valvu. Hewa imeshapozwa na intakula, kwa hiyo faida ya kumwaga petroli juu ni ndogo. Na bomba lililojaa mchanganyiko wa petroli likirudisha moto, mipira ya hewa inaruka kama vizibo vya soda. Anayetaka nozeli za ziada juu azipate, mradi zifunguke kwenye mizunguko ya juu peke yake.

Na vijana wasidhani habari hizi za kusukuma petroli zililetwa na Subaru. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 iliyosukumiwa petroli na pampu ya Kugelfischer ilishinda 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland wa Tanzania, kisha 1968 kwa Nick Nowicki, mwaka ambao magari 7 tu yalifika mwisho. Hata hivyo, mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda na Datsun 240Z ya kabureta.

Turudi gereji. Omba nozeli itolewe, uishike. Nyingi za injini za valvu nne kwa silinda hazitoi mchirizi mmoja, hutoa miwili iliyopanuka kama herufi V, kila mmoja na valvu yake. Sasa, nozeli hii ni ya duara na tundu lake ni la duara, kwa hiyo inaweza kuzunguka. Ikizunguka robo, ile V inalala upande: petroli inapiga ukuta wa kati unaogawa njia mbili, na kuta za juu na chini. Fundi mzuri huweka alama ya rangi kwenye nozeli na nyingine kwenye reli ya petroli, zikutane. Usipoiona alama, uliza.

Tazama pia kina. Nozeli za siku hizi, kama Bosch EV14, huja kwa urefu tofauti. Ukitia fupi kwenye makao ya ndefu, ncha inajificha shimoni na petroli inapiga mdomo wa shimo, inadondoka badala ya kutawanyika. Oringi za nozeli zipakwe oili safi ya injini, zisikatike wakati wa kusukumwa. Iliyokatika inaingiza hewa ya wizi, au inavujisha petroli juu ya injini ya moto, na hapo hatuzungumzii tena ubora.

Kuhusu benchi la kupimia nitapita haraka, kwa sababu kila mtu analijua: mirija minne ya kioo, mgandamizo wa bar 3. Tofauti ya mililita 2 kwa 100 kati ya nozeli na nozeli naikubali. Ya 5 siikubali. Lakini sisitiza zipimwe pia kwa mifunguko mifupi, milisekunde 2 hivi, kwa kuwa nozeli kubwa hudanganya huko. Na kwa mizunguko 7,000 injini ina milisekunde 17 tu kati ya mtemo na mtemo. Nozeli inayokaa wazi zaidi ya 14 au 15 imeelemewa, hata ikiwa imekaa vizuri namna gani.

Niliwahi kuchukua gari kutoka gereji moja, sitaitaja, likiwa na karatasi ya nguvu ya kupendeza. Jinja lilipaa. Kwenye kona ya tatu ya kupanda Wanale likakohoa, na kila kona iliyofuata. Kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli kilisoma 11.6 kwa 1 mguu ukiwa chini, vizuri kabisa, ila kila nilipokanyaga ghafla kiliruka hadi 16 kwa kufumba na kufumbua. Tulifungua manifoldi ya kuingizia hewa pale pale kando ya barabara, tukamulika kwa tochi. Mgongo wa valvu ulikuwa mweusi kama tako la sufuria, na ukuta wa kati uking'aa, umeoshwa. Petroli yote ilikuwa inaangukia hapo. Nozeli tatu kati ya nne zilikuwa zimegeuka. Tulizirudisha kwa mkono, bila kugusa kompyuta, na kikohozi kikaisha.

Tangu siku hiyo kipimo changu ni tochi. Mng'ao uwe mgongoni mwa valvu, weusi ubaki ukutani, na silinda zote nne zifanane. Kwa hiyo ukipeleka gari lako, patana na fundi tangu mwanzo: baada ya kilomita 50 za milima, manifoldi inafunguliwa mkiwa wote wawili, ndipo unamaliza deni. Akikataa sharti hilo, tafuta fundi mwingine.