Kuamsha Mbegu ya Saladi Kasese

Mkulima wa Kasese akiatika mbegu za saladi, wiki ikapita na kitalu kikabaki kitupu, neno la kwanza kumtoka ni kwamba ameuziwa mbegu zilizokufa. Mara nyingi hazijafa. Zimelala, na aliyezilaza ni joto. Saladi ni mboga ya baridi. Mbegu yake huota vizuri kwenye nyuzi 15 hadi 20, na joto likifika 30 aina nyingi hugoma. Mji wa Kasese, Uganda, uko chini ya milima ya Rwenzori, mita elfu moja hivi kutoka usawa wa bahari, na nyuzi 30 za mchana hazimshangazi mtu huku. Udongo mweusi ulioachwa juani hupita hapo. Mbegu ikinywa maji ndani ya joto hilo huweza kuingia usingizi wa pili, mzito kuliko wa kwanza, na hata usiku ukipoa haiamki upesi.

Ndiyo maana nawaheshimu sana watu wanaojua kuiotesha saladi katika bonde hili. Kazi yao haina kelele na haihitaji mashine. Inahitaji jicho, saa na subira. Huanza jioni, jua likishaelekea Congo. Mbegu hutandazwa juu ya kitambaa chenye unyevu, kitambaa kikawekwa pembeni ya mtungi wa maji ya kunywa, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani. Saa za mwanzo ndizo zenye uamuzi: mbegu ikishavuka usiku wa kwanza katika ubaridi, sehemu kubwa ya hatari imepita. Mwenye ndugu Kilembe, kilomita 10 hivi juu ya bonde la mto Nyamwamba, ana bahati zaidi, kwa sababu kila mita elfu za kupanda mlima hupunguza joto kwa nyuzi zipatazo 6. Miche huoteshwa huko juu, kisha ikashushwa.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hulikosa, nalo ni mwanga. Mbegu ya saladi ni ndogo, haina akiba ya kuisukuma kutoka chini sana, kwa hiyo hungoja dalili kwamba iko karibu na uso wa ardhi. Mwaka 1952, huko Beltsville, Marekani, wanasayansi Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao walizimulikia mbegu za saladi aina ya Grand Rapids mwanga mwekundu, zikaota. Walipofuatisha ule mwekundu wa mbali, ambao jicho letu halioni vizuri, hazikuota. Wakaibadilishabadilisha mianga hiyo tena na tena, na kila mara mwanga wa mwisho ndio ulioamua. Kutokana na majaribio hayo dunia ilikuja kuijua fitokromu, rangi ambayo mimea huitumia kupima mwanga.

Kwa Kasese na mji wa Bwera, kwenye migomba kila upande, jambo hili lina uzito wake. Jani bichi la mgomba hunyonya mwanga mwekundu na kuupitisha ule wa mbali. Kitalu kilichowekwa chini ya mgomba ili kipate kivuli kinaiambia mbegu kwamba juu yake kuna mimea mingine na wakati wake haujafika. Kivuli cha nyasi kavu, kilichoinuliwa kidogo kwenye vijiti, ni bora zaidi. Na mbegu yenyewe isifukiwe. Inyunyiziwe udongo laini kidogo tu.

Mbegu iliyozeeka inataka upole wa ziada. Utando wa seli zake umechoka, na ikitumbukizwa majini ghafla huweza kupasuka ndani. Iache kwanza siku nzima juu ya kitambaa kibichi bila kuzama, ivute unyevu polepole, ndipo uiloweshe. Itachelewa. Mbegu mpya huota kwa siku tatu au nne. Nzee huweza kuchukua wiki mbili, na wengi huimwaga siku ya tano.

Uzee huo wenyewe tunauharakisha sisi. Kanuni ya Harrington kuhusu kuhifadhi mbegu inasema unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia 1, umri wake huongezeka mara mbili. Joto la ghala likipungua kwa nyuzi 5, vivyo hivyo. Pakiti iliyofunguliwa na kusahauliwa chini ya bati la Bwera inakosa ukavu na ubaridi pia. Ikikaushwa vizuri na kufungwa kwenye chupa yenye jivu kavu chini, itadumu.

Huku wengi huiita saladi chakula cha wageni wa hoteli. Lakini Wamisri wa kale waliichonga nyuma ya mungu wao Min kwenye mawe ya Karnak, na maji ya Rwenzori yanayopita Ziwa George na Ziwa Edward huishia katika mto Naili uleule. Sokoni Mpondwe, ng'ambo tu ya mto Lubiriha kutoka Kasindi ya Congo, aina za saladi zinaingia na kutoka bila majina. Ukipata moja tamu, kesho huenda usiione tena.

Hapo ndipo ufundi huu unaponigusa zaidi. Ua la saladi hujichavusha lenyewe, kwa hiyo mche mmoja hurithisha tabia zake karibu zote kwa watoto wake. Katika pakiti nzima ya mbegu adimu, ikiota moja tu, aina hiyo imeokoka. Na joto la Kasese lililokataa kuiotesha ndilo litakalouharakisha mche huo kutoa maua. Usiung'oe kwa hasira ukianza kurefuka na kuwa mchungu. Uache ukauke, kusanya vishada vyenye manyoya meupe, utapata mbegu maelfu.

Ukiwa na pakiti ya zamani, usiitupe leo. Weka mbegu kumi kwenye kitambaa kibichi jioni hii, mahali pa baridi, uzipe wiki mbili. Na pakiti mpya unayonunua, andika mwaka juu yake kabla hujaifungua.